Kukanusha Si Kukejeli: Dini, Katuni na Sheria katika Mwambao wa Tanga (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna michoro 12 kuhusu Mtume Muhammad iliyochapishwa na gazeti la Jyllands-Posten la Denmark tarehe 30 Septemba 2005 ilivyopita miezi kadhaa bila kishindo kikubwa nje ya nchi hiyo, mpaka mabalozi 11 wa nchi za Kiislamu walipoomba kuonana na Waziri Mkuu wa Denmark na kukataliwa, bidhaa za maziwa za Denmark zikasusiwa katika nchi za Ghuba, na mwezi Februari 2006 balozi zikachomwa moto Damascus na Beirut, huku Nairobi polisi wakiwazuia waandamanaji kuufikia ubalozi wa Denmark. Sehemu hii inalirudisha suala hilo mwambao wa Tanga na kuuliza swali ambalo kelele za mwaka ule zililifunika: sheria inayotumika Tanga, Pangani na Muheza inamkinga muumini dhidi ya nini hasa?

Jibu limo katika vifungu vya 125 hadi 129 vya Kanuni ya Adhabu, yaani sheria kuu inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake. Kifungu cha 125 kinamwadhibu anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kinachoheshimiwa na kundi la waumini, vingine vinalinda mikusanyiko ya ibada, makaburi na mazishi, na cha 129 kinamgusa yule ambaye, kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine, anatamka neno, anatoa sauti au ishara, au anaweka kitu mbele ya macho yake, naye anaweza kufungwa mwaka mmoja. Asili ya vifungu hivi ni Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika tangu 1920, na hata walipoleta kanuni mpya mwaka 1930 walivibakiza vifungu vya dini. India ilikuwa nchi ya dini nyingi chini ya mtawala mgeni, na mtawala huyo hakujali ni itikadi ipi iliyo ya kweli, alijali tu watu wasipigane. Kwa hiyo sheria yake haikulinda fundisho la dini yoyote, bali ililinda hisia za wafuasi wa dini zote kwa kipimo kimoja.

Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa kinyume. Kosa la kukufuru katika sheria ya huko lililinda Ukristo peke yake, na Waislamu waliotaka Salman Rushdie ashitakiwe kwa riwaya yake ya The Satanic Verses ya mwaka 1988 waligonga mwamba mahakamani kwa sababu hiyo hiyo, hadi kosa lenyewe lilipofutwa mwaka 2008. Inastaajabisha, lakini ndivyo ilivyo, kwamba Mwislamu wa Ngamiani, mjini Tanga, alikuwa na kinga ya kisheria ambayo mwenzake wa Bradford, mji ambako kitabu hicho kilichomwa hadharani Januari 1989, hakuwa nayo. Serikali ya Tanzania, kama ya Kenya, ilikipiga marufuku kitabu hicho.

Hata hivyo, kinga hiyo inaweza kugeuka rungu, nalo humwangukia mhubiri mara nyingi kuliko mchoraji. Tangu miaka ya 1980 ilienea nchini mihadhara ya mlingano wa dini, yaani mikutano ya wazi ambamo wahubiri wa Kiislamu hujenga hoja kwa kutumia Biblia na Kurani pamoja, nao wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa mtindo huo huo. Katika mikutano hiyo haiepukiki kusemwa kwamba Yesu si Mwana wa Mungu, na kwa kauli ya namna hiyo Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimhukumu mhubiri mmoja kifungo cha miezi 18 mwaka 2001, adhabu iliyozidi hata kile kiwango cha mwaka mmoja kilichowekwa na sheria. Shauri hilo, Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, lilifika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2003, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, iliifuta hatia. Mahakama ilitambua kwamba uhuru wa kutangaza dini katika Ibara ya 19 ya Katiba hauna maana iwapo Mwislamu hawezi kutamka kile ambacho imani yake inamfundisha, na kwamba mtu kuchukizwa na maneno hakutoshi kuthibitisha kuwa msemaji alikusudia kumuumiza. Hukumu hiyo inastahili kujulikana katika kila kituo cha polisi cha mwambao kuliko inavyojulikana leo.

Kilichotenganishwa hapo ni mambo mawili ambayo watu wa Pwani wameyaishi kwa zaidi ya karne moja: kukanusha imani ya mwenzio na kuikejeli. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipojenga kituo chao Magila, katika nchi ya Wabondei, hawakuja kukubaliana na walimu wa vyuo vya Kurani, na walimu hao nao hawakuwakubali. Mmoja wa wamisionari hao, Godfrey Dale, aliyefanya kazi Bonde kabla ya kuhamia Unguja, alichapisha mwaka 1923 tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili yenye maelezo ya kuupinga Uislamu. Waislamu waliikataa, na walikuwa na sababu. Lakini jibu lililodumu lilitoka katika kalamu za wanazuoni: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha magazeti ya Kiislamu kwa Kiswahili miaka ya 1930, alianza tafsiri yake mwenyewe, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambayo mpaka leo iko katika nyumba nyingi za Tanga. Dale, bila kutaka, aliuchochea uandishi wa Kiislamu wa Kiswahili.

Katuni haijibiki hivyo, na hapa ndipo ugumu ulipo. Kitabu cha Dale kilikuwa na hoja, na hoja huvunjwa kwa hoja. Mchoro wa Kurt Westergaard wa kilemba chenye bomu haukudai jambo linaloweza kuthibitishwa wala kukanushwa, bali ulimgeuza mtu anayependwa kuliko wazazi kuwa kichekesho. Mtetezi wa uhuru wa kusema atajibu kwamba dhihaka nayo ni silaha ya wanyonge dhidi ya wakubwa, na ni kweli pale mchoraji anapomchora waziri. Ila Waislamu wa Denmark walikuwa wachache wasio na mamlaka. Kama mchoro ule ungebandikwa ukutani mkabala na msikiti wa Tanga, kifungu cha 129 kingeweza kumfikia aliyeubandika, maana kinataja kitu kilichowekwa mbele ya macho. Kwa gazeti, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia, na hilo lilikuwa dawa mbaya, kwa kuwa waziri alifungia pia yasiyohusu dini kabisa.

Kuhusu wajibu wa muumini, haitakuwa haki kuficha kwamba wanazuoni wa fikihi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa Pwani, waliliona tusi dhidi ya Mtume kuwa kosa zito mno. Lakini hukumu yake waliiweka kwa kadhi na mtawala, wala hawakuikabidhi kwa umati. Kurani yenyewe, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 140, inamwelekeza anayesikia aya za Mwenyezi Mungu zikikanushwa na kufanyiwa mzaha asikae na wasemaji hao mpaka waingie katika mazungumzo mengine, na katika Al-An'am, aya ya 108, inawakataza waumini wasiwatukane wale wanaoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Mungu kwa kulipiza. Kususia bidhaa za Denmark kulikuwa karibu na agizo la kwanza. Kuchoma balozi hakukuwa karibu na lolote kati ya hayo mawili.

Kifungu cha 129 hakihitaji kufutwa, lakini kinahitaji kusomwa kama Mahakama ya Rufani ilivyokisoma. Sehemu ya tatu itachambua vurugu za Mbagala za Oktoba 2012, ambapo makanisa yalichomwa kwa tendo la mtoto dhidi ya msahafu.