Je, Wajua? Jengo la Sinema Huchagua Mpangaji

Je, wajua kwamba jengo la sinema ni gumu kupangisha filamu zikishakwisha? Halina madirisha. Sakafu yake inateremka kutoka nyuma kwenda mbele ili wa nyuma wasizibwe na vichwa vya wenzao. Katikati hakuna nguzo hata moja. Anayetaka kufungua supamaketi humo atamwaga zege kusawazisha sakafu, kisha atoboe kuta apate mwanga. Mhubiri hana kazi hiyo: viti vipo na jukwaa lipo. Si ajabu kumbi kadhaa za zamani jijini Nairobi ziliishia kuwa makanisa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Ngara. Ukumbi wa Shan, uliokuwa ukionyesha filamu za Kihindi, sasa unaitwa Sarakasi Dome, na wanasarakasi hufanyia mazoezi humo. Mtu anayerukia mabegani mwa mwenzake anahitaji dari la juu na nafasi isiyo na nguzo, na hayo mawili wajenzi wa sinema walikuwa wamekwisha kuyaweka.

Je, wajua kwa nini chumba cha mashine, kile chenye vitobo ukutani juu ya viti vya nyuma, kilijengwa kwa kuta nene kama za ngome? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu nyingi za kumbini zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Kitu hicho kikishika moto hujitolea oksijeni chenyewe, kwa hiyo huendelea kuwaka hata ukikitumbukiza majini. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1909 kwa sababu ya hatari hiyo, na chumba cha mashine kikatengwa na watazamaji kwa kuta zisizoshika moto, vitobo vyake vikawekewa vifuniko vya kuangushwa upesi. Wapangaji wa leo wanakiona stoo nzuri tu.

Mjini Unguja, nakala moja ya filamu iliweza kuonyeshwa katika kumbi mbili usiku uleule. Filamu ndefu ilikuja vipandevipande, kila kimoja kwenye gurudumu lake, na gurudumu moja la milimita 35 huchukua kama dakika 20. Ukumbi wa kwanza ukimaliza kipande, kijana wa baiskeli anakifunga nyuma na kukanyaga pedali hadi ukumbi wa pili. Akipata pancha, watu wanakaa gizani wakipiga miluzi, na shujaa hajui bado kama atampata mpenzi wake.

Na Dar es Salaam? Sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari ilifunguliwa Msasani mwaka 1966. Leo kiwanja hicho ni ubalozi wa Marekani, na hakuna anayeingia kwa tiketi.

Nairobi nayo iliachiwa majina ya sinema za zamani. Abiria husema anashuka Odeon, anapitia Globe, au anateremka Drive-In kule Thika Road, na pengine hajawahi kuona filamu hata moja katika sehemu hizo.

Katika masoko madogo kama Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii, mambo yalikwenda kinyume: majengo ya kazi nyingine ndiyo yaliyogeuzwa sinema. Kwanza hata jengo halikuhitajika. Enzi za magari ya sinema vijijini, kiwanja cha shule kilitosha: jenereta, kipaza sauti, kitambaa cheupe, na tangazo la sabuni au mafuta ya kupikia kabla ya picha yenyewe. Shule za bweni nazo ziligeuza bwalo kuwa ukumbi usiku wa Jumamosi, meza zikisukumwa ukutani.

Kisha ikaja video. Chumba cha duka kinatiwa pazia zito mlangoni, mabenchi yanapangwa, televisheni inapandishwa juu ya rafu, na sauti ya msimulizi DJ Afro inaeleza filamu ya Kichina kwa Kiswahili cha mtaani, pamoja na utani ambao mwandishi wa filamu hakuuandika kamwe. Wengine huja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia mateke.

Kibanda hicho, kwa sheria ya Kenya, ni sinema kamili. Mwenyewe anatakiwa awe na leseni ya bodi ya filamu, KFCB, sawasawa na mwenye ukumbi wa viti vya sponji jijini Nairobi.