Hadithi ya Shoka Ilitoka Wapi?

Siku moja darasani nilitilia shaka habari fulani ya mfalme wa zamani, na mzee mmoja akanikatiza: "Mwalimu, hayo yamepigwa chapa kitabuni. Yatakuwaje ya uwongo?" Swali lake ni zuri, nami nitalijibu kwa mfano.

Huenda mmesikia habari za George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1732. Yasemekana alipokuwa na umri wa miaka sita hivi alipewa shoka dogo, akaukata mti wa cheri, yaani mti wa matunda madogo mekundu, ambao baba yake aliupenda sana. Alipoulizwa alikiri, akasema hawezi kusema uwongo. Baba akamkumbatia badala ya kumchapa.

Hadithi tamu! Lakini nani aliyaona hayo? Tukifuata nyayo zake twafika kwa mtu mmoja tu, Mason Locke Weems, kasisi aliyezunguka huku na huku akiuza vitabu. Washington alifariki Desemba 1799. Januari 1800 Weems alimwandikia mchapishaji wake kwamba watu wengi mno wana hamu ya kusoma habari za marehemu, na mwaka huo huo kitabu chake kikatoka. Na ule mti je? Haukuwamo. Uliingia katika chapa ya mwaka 1806.

Sasa fanyeni hesabu. Washington alitimiza miaka sita mwaka 1738. Toka 1738 hata 1806 ni miaka 68. Baba alikwisha kufa mwaka 1743, na mwana naye hayupo. Hapakubaki wa kukubali wala wa kukana. Weems asema alisimuliwa na bibi mmoja mzee, jamaa wa mbali wa ukoo ule. Jina la bibi huyo hakulitaja.

Tena, Weems alijiita kasisi wa zamani wa parokia ya Mount Vernon, na parokia ya jina hilo haikuwapo. (Ajabu, mtu huyu ndiye atufundishaye kusema kweli!) Hata hivyo naye tumtendee haki: yeye aliandika kwamba mtoto aliujeruhi mti ganda lake. Waliouangusha chini ni wasimulizi waliokuja baadaye.

Je, habari hii ni uwongo mtupu? Sisemi hivyo, maana hakuna awezaye kuthibitisha kwamba haikutokea. Nasema shahidi wetu hakuwapo, alisikia kwa mtu asiye na jina, naye alikuwa na kitabu cha kuuza.

Chukueni madaftari. Chagueni habari moja ya mtu mashuhuri, kisha andikeni chini yake: Nani asema? Alikuwapo? Kama hakuwapo, alisikia kwa nani? Aliandika mwaka gani? Na wewe, mzee wangu, anza na kitabu kile kile ulichonionyesha.