Kutoka Ubao wa Lango Hadi Ofisi ya Karani

Ndugu askari na polisi, aghalabu watu hudhani kwamba kila afanyaye kazi za intaneti ni fundi wa aina moja. Sivyo hata kidogo. Yuko mbunifu wa tovuti, ambaye hupanga rangi, herufi na picha ili mgeni apendezwe wala asipotee. Na yuko mjenzi wa programu za kazi zitumiwazo kwa njia ya tovuti. Kazi ya kwanza yafanana na ubao ulio langoni mwa kambi: kila apitaye huusoma, na kesho husoma yale yale. Ya pili yafanana na ofisi ya karani wa kikosi, ambamo taarifa huingia, huhifadhiwa na kutolewa, wala si kila mtu aruhusiwaye kufungua kila jalada.

Kampuni ya 37signals ya mjini Chicago, Marekani, ilianza mwaka 1999 kwa kazi ile ya kwanza. Jason Fried na wenzake walikuwa wabunifu, na tovuti yao wenyewe haikuwa na madoido: maandishi matupu, meusi juu ya weupe. Wateja walikuja, na walipoongezeka ndipo udhaifu ulipojitokeza. Maagizo yalipelekwa kwa barua pepe, majibu yakazama katikati ya barua nyingine, ikawa vigumu kujua nani ameahidi nini na kwa siku gani. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba amri isiyotaja mtu, kazi na saa si amri bali ni maoni. Na kampuni hiyo, kwa heshima zote, ilikuwa ikiendeshwa kwa maoni. Mteja alipaye fedha zake akiona hivyo huondoka.

Basi wakaazimia kujitengenezea chombo cha kuwekea kazi, tarehe na mazungumzo yote mahali pamoja. Msaada ulitoka mbali, Copenhagen, Denmark, kwa David Heinemeier Hansson, mwanafunzi aliyefahamiana na Fried mwaka 2001 pale Fried alipokwama katika lugha ya programu iitwayo PHP. Kijana huyo alifanya kazi hiyo kwa kama saa 10 tu kwa juma, huku saa za miji hiyo miwili zikipishana kwa 7. Alitumia Ruby, lugha iliyotolewa mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto wa Japani, ambayo wakati huo wachache waliijua nje ya nchi hiyo.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Ufundi wa zamani haukutupwa. Walichora kwanza sura ambayo mtumiaji angeiona, kisha mitambo ya nyuma ikajengwa kuifuata sura hiyo. Wahandisi wengi huanza upande wa pili, na ndiyo sababu programu nyingi za ofisini humchosha karani.

Wateja walipokiona chombo hicho wakakitaka nao. Mwezi Februari 2004 kikafunguliwa kwa umma kwa jina la Basecamp, kwa malipo ya kila mwezi. Ajabu ni kwamba siku ya kufungua, sehemu ya kukusanya malipo ilikuwa bado haijajengwa! Afisa ugavi yeyote angeshtuka. Wao walihesabu kwamba malipo ya kwanza yangedaiwa baada ya siku 30, wakajenga ndani ya siku hizo. Walitumaini kupata dola 5,000 kwa mwezi baada ya mwaka mzima. Walizipata baada ya majuma kama 6. Mwezi Julai Hansson akatoa bure kwa watu wote msingi wa programu hiyo, Ruby on Rails, ambao juu yake zilijengwa baadaye Shopify na GitHub.

Lakini mabadiliko hayo yana gharama yake. Mbunifu akikabidhi tovuti huenda zake nyumbani. Mwenye programu ya kazi yu lindo daima: seva ikizimika usiku wa manane, au jalada la mtu likionekana na asiyehusika, yeye ndiye wa kujibu. Kwa muda 37signals walifanya kazi zote mbili, mchana wakiwahudumia wateja wa ubunifu huku wakiiangalia Basecamp. Ulipopita takriban mwaka mmoja, mapato ya Basecamp yalikuwa yameyazidi yale ya ubunifu, na kampuni ikaacha kupokea kazi za kupamba tovuti za watu wengine.