Boneti ilivyotaka kuninyima mke!

KUNA vitu vibovu ambavyo mtu unavizoea mpaka unasahau kwamba ni vibovu. Kitasa cha mlango kinachotaka kuinuliwa kwanza ndipo kifunguke. Swichi ya taa inayotaka kupigwa kofi. Kwangu mimi ilikuwa boneti ya gari, na usinicheke msomaji wangu, kwa sababu boneti hiyo nusura inikoseshe mke.

Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 1993. Aina yake naihifadhi, maana kosa si la waliolitengeneza. Gari lililokula barabara zaidi ya miaka thelathini lina haki ya kuchoka.

Mwezi wa tatu, ule mkono wa plastiki wa kufungulia boneti, uliopo chini ya dashibodi upande wa dereva, ulinikatikia mkononi. Ikabaki ncha ya waya tu imechomoza. Mimi nikajifanya mjanja. Nikanunua plaizi, nikaitupia chini ya kiti. Nikitaka kuangalia oili nabana ile ncha, navuta, boneti inaruka, "tap!" Safi kabisa.

Mchumba wangu aliniambia mara mbili, "Hicho kitu si ukipeleke kwa fundi?"

"Si inafunguka? Shida iko wapi?" nikamjibu.

Basi bwana, shida ilikuwa inanisubiri Kiluvya.

SUTI, LESO NA MOSHI

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kupeleka barua ya posa Kibaha. Wakwe walitaka tufike saa nne asubuhi, na tulishaambiwa kwamba mzee wa nyumba ile hapendi mchezo na saa. Saa mbili tukatoka Sinza. Mjomba, ambaye ndiye mshenga, kakaa mbele. Shangazi nyuma na barua imefungwa kwenye leso nyeupe, kaishika kama mtoto mchanga. Suti yangu inaning'inia dirishani kwenye hanga ya waya ya dobi, maana sikutaka ijikunje.

Kimara tukapita, Mbezi tukapita, Kibamba tukapita. Kufika Kiluvya, mjomba akasema, "Hicho kimshale mbona kimepanda?"

Nikatazama geji ya joto. Mshale umegonga juu! Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nikaweka gari kando, nikazima injini, nikachukua plaizi yangu kwa mbwembwe zote. Nikabana, nikavuta. Kimya. Nikavuta kwa nguvu za shetani. "Kaaa!" Waya ukakatika ndani kwa ndani, nikabaki na kipande cha sentimita tano kwenye plaizi.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Maji ya rejeta ni shida ndogo. Hata mtoto anaweza kuongeza maji. Lakini maji yale, na betri, na oili, na kila kitu kinachoweza kuokoa gari, vyote viko nyuma ya mlango mmoja. Na mlango huo nilikuwa nimeufunga mwenyewe, tangu mwezi wa tatu.

"Tuendeshe hivyo hivyo mpaka Kibaha," shangazi akasema.

Mjomba akakataa katakata, na alikuwa na haki. Injini iliyokauka maji ukiilazimisha, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na hapo hesabu yake si ya waya tena. Ni ya injini nzima.

MAFUNDI WAWILI

Bodaboda mmoja akatuletea kijana mwenye mtaimbo. Hakusalimia sana. "Bosi, tunavunja sho, dakika mbili tu."

Kabla sijajibu, akatokea mzee mmoja mwenye ovaroli iliyolowa grisi. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Kijana, ukivunja sho utanunua sho. Ukipinda boneti utanunua boneti. Na loki bado itakuwa imefunga vilevile."

Kisha akatuambia tukae kivulini tungoje injini ipoe. Karibu saa nzima! Mimi natazama simu, mjomba anatazama barabara, shangazi anatazama leso yake. Lakini mzee hakuwa na haraka. Alisema mkono ukiingia mbele ya rejeta inayochemka unaungua, na feni nyingine huzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Wakati tunangoja akanipa darasa. Kutoka chini ya dashibodi, waya unapita ndani ya ala yake nyeusi, unatoboka kwenye ukuta wa injini, unafuata ubavu wa madigadi hadi mbele katikati, juu ya rejeta. Pale ndipo ilipo loki. Ukivuta mkono, waya unavuta kidude cha chuma pembeni mwa loki, ulimi unaachia, springi inaisukuma boneti juu kidogo. Halafu kuna kikulabu cha pili, kile unachokiinua kwa kidole. Hicho ni cha usalama, ili boneti isikurukie kwenye kioo ukiwa mwendoni.

"Kwa hiyo waya ukikatika, loki haijafa," akasema. "Imekosa wa kuivuta tu. Tafuta kile kidude, kisogeze kule kule ambako waya ungekivuta."

Injini ilipopoa, akamulika kwa tochi ya simu kupitia matundu ya sho. Akaiona loki. Akatazama huku na huku, jicho lake likatua kwenye suti yangu.

"Hiyo hanga ni ya waya?"

Jamani! Suti ikatupwa kwenye kiti. Hanga ikanyooshwa, ikakunjwa mara mbili na kusokotwa ili iwe ngumu, nchani ikatengenezwa kama ndoano. Mzee akamwambia mjomba aikandamize boneti kwa viganja viwili, pale juu ya loki, ili kupunguza mvuto. Yeye akaingiza ile ndoano, akapapasa, akavuta. Mara ya kwanza ikateleza. Ya pili ikateleza. Ya tatu, "tap!"

Shangazi akapiga kigelegele barabarani.

Na ugonjwa wenyewe? Klipu ya paipu ya maji ililegea, maji yakamwagika njiani. Bisibisi, mizunguko minne, maji kwenye rejeta iliyokwisha kupoa, basi. Kazi ya dakika tano iliyotuchukua saa nne!

SWALI LA MKWE

Tulifika Kibaha saa saba na nusu. Suti imejikunja, mjomba ana grisi kwenye kanzu. Mzee alisikiliza kisa chote kimya. Akauliza, "Huo mkono ulivunjika lini?"

"Mwezi wa tatu, baba."

"Leo ni mwezi wa nane. Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Na binti yangu akikwambia kitu kimevunjika ndani ya nyumba, utangoja mpaka kifike Kiluvya?"

Msomaji wangu, jasho lilinitoka kuliko kule barabarani. Sikuwa na jibu. Shangazi akaokoa jahazi kwa maneno matamu ya kikwetu, tukapigwa faini ya kuchelewa shilingi elfu hamsini, ndipo barua ikapokelewa.

Jumatatu sikwenda kazini kabla ya kupita gereji. Waya wa mtumba pamoja na mkono wake, shilingi elfu ishirini na tano. Nusu ya faini!

WEWE UFANYEJE?

Kama boneti yako inagoma, usikimbilie mtaimbo. Mara nyingi waya haujakatika. Umelegea tu, au loki imeshika kutu, hasa kwetu hapa pwani kwenye hewa ya chumvi. Mwite mwenzako aikandamize boneti mbele wakati wewe unavuta. Wengi hufunguliwa hapo hapo.

Kama mkono umevunjika na ncha ipo, plaizi inafaa, ila iwe ni ya kukufikisha kwa fundi, siyo ya miezi mitano. Kama waya umekatika karibu na mkono, fundi anaweza kufungua plastiki ya ndani ya madigadi, akaupata waya ubavuni na kuuvuta pale. Ikishindikana, ndoano kupitia kwenye sho, au kutokea chini. Lakini usiingie uvunguni mwa gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kukaa chini yake ni stendi imara.

Na kama unaona moshi wenye harufu ya waya kuungua, au moto, achana na boneti. Zima, shusha watu, kaa mbali.

Unapobadilisha waya, funga uzi mrefu kwenye ncha ya ule wa zamani kabla hujauchomoa. Uzi utabaki umelala kwenye njia ile ile, nao utauvuta waya mpya mpaka mahali pake. Usiupitishe karibu na ekzosi wala usiupinde kona kali.

Halafu hili ndilo wengi hulisahau: usifunge boneti kabla ya kujaribu. Ikiwa wazi, sukuma loki kwa bisibisi mpaka ijifunge, nenda kavute mkono, rudi uangalie kama imeachia. Fanya hivyo mara tatu. Ukiifunga bila kujaribu, unaweza kurudi kwenye hanga.

Loki ipake grisi kila unapomwaga oili. Na wale mnaofunga boneti kwa kamba, acheni. Kikulabu kikichoka, upepo wa barabara kuu utaitupa juu ya kioo usione mbele.

Tulifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Ile hanga bado ninayo kwenye buti, imesokotwa vilevile.

Juzi jioni mke wangu kaniambia bomba la jikoni linavuja. Sikumaliza hata chai.