Sura ya Tano: Kuisaka Ramen ya Tokyo

Mlangoni mwa duka la ramen jijini Tokyo, ndani au nje kidogo, husimama mashine ya tiketi yenye safu za vitufe vilivyojaa maandishi ya Kijapani. Mgeni huduwaa hapo, huku foleni ikirefuka nyuma yake. Wenyeji wanajua kwamba kitufe cha juu kabisa upande wa kushoto, kwa kawaida, ndicho cha bakuli ambalo duka linajivunia. Anayekibonyeza huletewa chakula ambacho mpishi mwenyewe angetaka apimwe nacho. Mteja hutia noti, huchukua kitiketi, hukiweka juu ya kaunta na kukaa. Kaunta yenyewe huenda haina hata viti kumi.

Kazi ni kulifikia duka hilo. Tokyo ina maduka ya ramen kwa maelfu, mengi yakiwa yamejibanza vichochoroni au chini ya reli, na orodha za maduka bora huchakaa upesi. Njia yenye manufaa zaidi ni kuuliza mtaa fulani ulikuwa ukiwalisha akina nani. Ramen ilikua kama chakula cha watu wa kazi na wa safari, na mitindo yake mikubwa bado ina alama za watu hao.

Mfano wa kwanza ni Asakusa. Mwaka 1910 Ozaki Kan'ichi, aliyewahi kuwa afisa wa forodha Yokohama, alifungua hapo Rairaiken, duka linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza la ramen nchini Japani. Wapishi wake walikuwa Wachina aliowatoa katika mtaa wa Wachina wa bandari hiyo. Asakusa ya siku hizo ilikuwa kitovu cha sinema na maonyesho, na umati wake ulitaka kula kwa bei nafuu, ushibe, uondoke. Mchuzi wa soya ukakutana na supu ya Kichina, na mtindo unaoitwa wa Tokyo hadi leo ukatokana na makutano hayo: supu nyepesi ya rangi ya kahawia, tambi zilizojikunja kidogo, vipande vya nyama ya nguruwe, machipukizi ya mwanzi yaliyochachushwa na kipande cha mwani mkavu.

Bakuli hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Supu haijamiminwa bado, na mpishi ameshaweka chini ya bakuli kiasi kidogo cha tare, kiungo kikali kinachobeba sehemu kubwa ya chumvi ya chakula. Tare ya soya hutoa ramen ya shoyu, ya chumvi hutoa shio, na ya miso hutoa miso. Kisha huja supu ya mifupa ya kuku au nguruwe iliyochemka kwa saa nyingi, nayo mara nyingi huchanganywa na maji yaliyochemshiwa mwani wa kombu, samaki wa katsuobushi na dagaa wakavu wa baharini. Mtu wa Kigoma akipita nje ya duka la aina hiyo ataitambua harufu ya dagaa kabla hajauona mlango.

Mchanganyiko huo una sababu zake za kikemia. Mwaka 1908 Ikeda Kikunae, profesa wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alitoa glutameti katika kombu na kuiita ladha yake umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Kodama Shintaro, alipata inosineti katika katsuobushi. Viwili hivi vikikutana mdomoni, ladha huongezeka kupita jumla ya kila kimoja peke yake. Mpishi anayechanganya mwani na samaki anaitumia kanuni hiyo kila asubuhi, ajue asijue.

Tambi nazo zina siri yao. Unga wa ngano hukandwa kwa maji yenye kansui, ambayo ni chumvi za kaboneti za sodiamu na potasiamu. Jikoni kwa Waswahili vitu vya jamii hiyo huitwa magadi. Magadi huipa tambi rangi ya manjano, mvutano na harufu yake, na huizuia kulainika haraka ndani ya supu ya moto. Hata hivyo, dakika zinahesabika. Anayepiga picha kumi kabla ya kula anaiua kazi ya mpishi. Wenyeji hufyonza tambi kwa sauti, zikiwa bado za moto, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa imeungua na mchele haukutosha. Ngano ya Marekani iliingia nchini, na nyingine ikapenya hadi kwenye masoko ya magendo yaliyochipuka kando ya stesheni. Wajapani waliorejea kutoka China na Manchuria walikuja na mapishi ya gyoza, zile sambusa ndogo zinazokaangwa upande mmoja, ambazo bado huagizwa pamoja na ramen. Wauzaji walisukuma mikokoteni usiku wakipuliza charumera, zumari fupi iliyowaita wenye njaa. Ameyoko karibu na Ueno na vichochoro vya Omoide Yokocho kando ya stesheni ya Shinjuku ni mabaki ya masoko hayo, na ni mahali pazuri pa kula mishikaki jioni. Kule Osaka, Ando Momofuku alisimulia kwamba foleni aliyoiona kwenye kibanda cha tambi baada ya vita ndiyo iliyompa wazo. Mwaka 1958 akatoa tambi za kwanza za papo hapo. Pakiti zinazouzwa leo Dar es Salaam na Nairobi zina asili yake hapo.

Mwaka 1974, Yoshimura Minoru, dereva wa zamani wa malori ya masafa marefu, alifungua Yoshimuraya mjini Yokohama. Aliunganisha supu nzito ya nguruwe ya Kyushu na soya ya Tokyo, akaweka tambi nene, mchicha wa Kijapani na vipande vya mwani. Madereva wakajaa. Abiria wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hutazama malori yameegeshwa wapi ndipo achague pa kula. Mtindo wa Yoshimura, uitwao iekei, ulienea kwa mantiki hiyohiyo. Mtaani Mita, walaji walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Keio, nao ndio waliolitia umaarufu duka la Ramen Jiro: mlima wa kabichi na machipukizi ya maharage, mafuta, na swali la mpishi kama mteja anataka kitunguu saumu.

Ikiwa mtu ana siku moja tu, aichukue reli ya duara ya Yamanote, yenye stesheni 30, na ashuke katika tatu zinazofuatana. Karibu na Ikebukuro, Yamagishi Kazuo alifungua Taishoken ya Higashi-Ikebukuro mwaka 1961. Miaka sita kabla ya hapo, alipokuwa Nakano, alikiingiza katika menyu chakula ambacho wafanyakazi walikula jikoni: tambi baridi za kuchovya katika supu ya moto. Leo huitwa tsukemen. Yamagishi aliwafundisha wanafunzi wengi, nao wakafungua maduka yao kote nchini. Stesheni inayofuata, Otsuka, ina Nakiryu, maarufu kwa supu yenye ufuta na pilipili. Kisha ni Sugamo, ambako duka dogo la Onishi Yuki, Tsuta, lilikuwa la kwanza la ramen kupewa nyota ya Michelin, katika toleo la 2016. Tsuta ilihama Sugamo mwaka 2019, na Onishi alifariki mwaka 2022, akiwa bado kijana. Hata hivyo, vituo hivyo vitatu vinaonyesha kwamba bakuli la mfanyakazi na bakuli la nyota yanatenganishwa na dakika chache za treni.

Kwa Mwislamu, msako una ugumu wa ziada. Kuondoa vipande vya nyama ya nguruwe juu ya tambi hakutoshi, kwa sababu mafuta ya nguruwe huwamo ndani ya supu na tare huweza kuwa na pombe ya mchele. Ni afadhali aende moja kwa moja Naritaya, Asakusa, inayopika ramen halali. Asiyekula nyama kabisa ana T's TanTan, ndani ya stesheni ya Tokyo yenyewe.

Saa nazo ni za kuzingatiwa. Maduka mengi mazuri hufunga kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, na mengine hubandika tangazo kwamba supu imeisha, biashara ikakomea hapo. Anayejikuta na njaa saa tisa aingie kibanda cha soba kando ya stesheni, ambako watu hula wamesimama na bakuli hutoka kwa dakika moja au mbili, au apande treni hadi Jinbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vya zamani. Huko kari ndiyo inayotawala, na wanunuzi wa vitabu wameila kwa miongo mingi wakiwa na kijiko mkono mmoja na kitabu mkono wa pili.