Tenga la Mtoto wa Mbwa: Mafunzo ya Mapema na Vita dhidi ya Kichaa

Asubuhi moja, katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay, nilisimama chini ya mwembe kutazama zoezi la kuchanja mbwa. Mvulana wa umri wa miaka kumi na mmoja hivi alifika akimburura mbwa wake kwa kamba ya katani. Mbwa huyo, mwenye afya njema na umri wa miaka miwili, alijigaragaza, akanguruma na kutoa meno. Bwana mifugo alipomkaribia aliikata kamba, akatokomea katika shamba la mihogo. Mvulana akarudi nyumbani na kipande cha kamba mkononi.

Nyuma yake alikuja msichana mdogo kuliko yeye, amejitwika tenga la mianzi kichwani. Ndani yake walikuwamo watoto wawili wa mbwa, wametulia kama kuku wapelekwao sokoni. Walitolewa, wakachanjwa, wakarudishwa tengani, na yule msichana akaenda zake. Kazi yote haikuchukua hata dakika tano.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kwa vipi chombo duni kama tenga kiliweza kufanikisha kazi iliyowashinda watu wazima wawili wenye kamba. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kisayansi, na kuwaonyesha walimu na wanafunzi namna ya kuchagua na kutumia tenga au kizimba kwa mtoto wa mbwa aletwapo nyumbani.

Hesabu ya chanjo

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kupenya katika mishipa ya fahamu kwa njia ya jeraha. Dalili zikisha kujitokeza kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Wataalamu wamekadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na kiasi cha wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Takriban maambukizo yote kwa binadamu hutokana na mbwa.

Hata hivyo, ugonjwa huu una udhaifu wake. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wasiofika wawili. Tuchukue mfano kwamba wastani huo ni 1.5. Iwapo theluthi moja ya mbwa wote wana kinga, mbwa mgonjwa ataambukiza mmoja tu badala ya mmoja na nusu, na ugonjwa hautaweza kuongezeka. Kinga ikizidi theluthi moja, ugonjwa utafifia.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini basi wataalamu husisitiza kuchanja mbwa 70 katika kila 100? Jibu ni kwamba mbwa wa vijijini hawaishi maisha marefu. Tuseme kijiji kina mbwa 100, na kwamba katika mwaka mmoja mbwa 40 kati yao hufa na nafasi zao kuchukuliwa na watoto wasio na chanjo. Tukiwa tumechanja 70, mwisho wa mwaka watabaki 42 wenye kinga, nasi tuko salama. Tukiwa tumechanja 50, watabaki 30, yaani chini ya theluthi, na mlango wa ugonjwa uko wazi. Kwa hiyo kila mbwa anayekatiza mihogoni na kipande cha kamba shingoni anaipunguza kinga ya kijiji kizima.

Umbali wa kufika vituoni na shida ya kumshika mnyama ni miongoni mwa sababu kubwa za mbwa kukosa chanjo. Wapo pia wenye mbwa wanaoamini kuwa watoto wa chini ya miezi mitatu ni wadogo mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri nao wachanjwe wakati wa kampeni. Hata joto la mwambao, ambalo zamani lilikuwa kikwazo kikubwa kwa utunzaji wa chanjo, sasa si tishio kama awali: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa aina mojawapo ya chanjo hii ilibaki na nguvu yake baada ya kuwekwa katika nyuzi 25 za sentigredi kwa muda wa miezi sita. Chanjo yaweza kufika kijijini. Linalobaki ni kumfikisha mbwa kwenye chanjo.

Siri ya umri

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufunguka yapata majuma mawili baada ya kuzaliwa. Tangu juma la tatu hadi kama la kumi na mbili au la kumi na nne hupitia kipindi ambacho akili yake huwa tayari kupokea viumbe na vitu vipya bila woga mkubwa. Huko Bar Harbor, Marekani, watafiti waliwakuza watoto wa mbwa katika uwanja wenye ua bila kuwazoesha watu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1961, yalikuwa dhahiri: wale waliokutana na watu kwa mara ya kwanza baada ya juma la kumi na nne walikuwa na hofu kama wanyama wa porini. Wavuvi wetu waliijua kanuni hii kwa mithali: samaki mkunje angali mbichi.

Jambo la pili ni usafi. Kuanzia juma la tatu hivi mtoto wa mbwa huanza kutoka penye malazi yake ili akojoe. Mwenye kumlaza mahali padogo, kisha akamtoa nje kwa wakati, huitumia tabia hii ya asili kumfundisha asichafue nyumba.

Jambo la tatu ni mazoea. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kuwa mbwa hutokwa na mate kwa ishara tu ya chakula, iwapo ishara hiyo imeandamana na chakula mara nyingi. Hali kadhalika, tenga lililoandamana na chakula na usingizi mtamu huwa ishara ya usalama.

Hapa yafaa kusahihisha kauli moja inayorudiwa mara kwa mara. Husemwa kuwa mbwa hupenda kizimba kwa sababu mababu zake waliishi mapangoni. Mbwamwitu hutumia pango kwa ajili ya kulea watoto wachanga tu, kisha hulihama. Mbwa hazaliwi akipenda kufungiwa. Hufundishwa kulikubali tenga, na akifundishwa vibaya atalichukia maisha yake yote.

Kuchagua tenga

Huna haja ya kununua kizimba cha waya kutoka ng'ambo. Katika vilima vya Umatengo na kandokando ya ziwa, mianzi na mbao chakavu hupatikana, na mafundi wa kusuka matenga wapo. Yazingatie mambo matano yafuatayo:

1. Ukubwa. Mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala akiwa amenyoosha miguu. Kwa mbwa wetu wa kawaida akishakuwa mkubwa, urefu wa sentimeta 75, upana wa 55 na kimo cha 60 hutosha. Kwa kuwa mtoto akipewa nafasi kubwa mno atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili, weka ubao wa kugawa chumba, na usukume ubao huo kadiri anavyokua.

2. Hewa. Pande zote nne ziwe na nafasi kati ya fito. Nafasi hizo zisizidi sentimeta 3, kichwa kisije kikakwama.

3. Usalama. Ncha za mianzi zikwanguliwe na misumari ipigwe ikaingia kabisa. Usitumie kamwe sanduku lililowahi kuwekwa mrututu au dawa nyingine za kunyunyizia kahawa, kwa maana mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu.

4. Mlango. Uwe na bawaba na kipingo kinachofunguka upesi kutoka nje.

5. Malazi. Tandika gunia safi au nyasi kavu, na ubadilishe mara kwa mara, kwani viroboto hukua katika takataka za malazi.

Mahali pa kuliweka tenga hutegemea tabia ya nchi. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni safari isiyozidi kilomita 70, lakini mtu hushuka kutoka mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 hadi kwenye ziwa lililo chini ya mita 500. Huko juu, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na tenga lapasa kuwa ndani ya nyumba, mbali na moshi wa jiko. Huku chini adui ni joto. Kote kuwili liwe karibu na watu walalapo, maana siafu wakiingia usiku, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na kilio chake ndicho kinga yake pekee.

Kosa langu mwenyewe

Niliporudi kutoka masomoni Uingereza nilijiona mjuzi. Nilikuwa nimeona huko vizimba vya mbwa, nami nikatengeneza sanduku zuri la mbao zilizobana, lenye matundu machache upande mmoja. Nikampakia mtoto wa mbwa niliyekuwa nikimpelekea ndugu yangu wa Liuli, tukateremka ziwani wakati wa adhuhuri. Nilipofungua sanduku alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, macho yamekodoka. Tulimlowesha kwa maji na kumpepea chini ya mti mpaka akainuka.

Fizikia ya kosa langu ni rahisi. Joto la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Kwa kuwa hatoki jasho mwilini isipokuwa kidogo katika nyayo, hujipoza hasa kwa kuhema, yaani kwa mvukizo wa maji kutoka ulimini na katika njia ya pumzi. Katika sanduku lililobana, hewa hujaa unyevu upesi, mvukizo hupungua, na mnyama huendelea kuhema bila kupoa. Kila kuhema humwongezea joto la misuli. Shahada yangu haikunisaidia; bibi yangu, aliyebebea vifaranga na watoto wa mbwa katika tenga la wazi, alikuwa amekwisha kulitatua tatizo hilo.

Namna ya kulitumia

Mchukue mtoto kwa mama yake akiwa na majuma manane hivi, wala si kabla, na uje na kitambaa chenye harufu ya malazi ya mama. Siku tatu za kwanza mlango uwe wazi. Mlishe ugali na usipa humo ndani, umwache aingie na kutoka. Baadaye ufunge mlango anapokula, kwa dakika moja, tano, kisha kumi, na umfungulie akiwa ametulia. Usiku liweke tenga karibu na kitanda chako. Akilia baada ya usingizi mrefu, mtoe nje akojoe, umrudishe bila mchezo.

Kipimo kinachotumika mara nyingi ni hiki: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, upate idadi ya saa asizopaswa kuzidisha. Mtoto wa miezi miwili asizidishe saa tatu. Na hata mkubwa asifungiwe mchana kutwa. Usimwingize tengani kwa adhabu. Katika nchi za Uswidi na Ufini sheria imeweka mipaka mikali juu ya kumweka mbwa kizimbani, nayo ni kumbusho kwamba chombo cha mafunzo chaweza kugeuka gereza.

Saa zilizobaki ni za dunia: watoto wa jirani, kuku, mbuzi, kelele za pikipiki, mitumbwi ufukoni. Mguse masikio, makucha na kinywa kila siku. Mara moja kwa juma lijitwike tenga au ulipakie baiskeli naye akiwamo, mzunguke kijiji, ili siku ya chanjo isiwe safari yake ya kwanza.

Jaribio la darasani

Chukua masanduku mawili yanayolingana, moja lenye fito zilizoachana, la pili lililoziba. Lowesha vitambaa viwili vyenye uzito sawa, vipime kwa mizani, kimoja ukiweke katika kila sanduku kivulini kwa saa mbili, kisha uvipime tena. Tofauti ya gramu itawaonyesha wanafunzi kiasi cha maji yaliyovukizwa, nao wataeleza kwa nini yule mtoto wa mbwa wa Liuli alizirai. Jaribio hili lisifanywe kwa mnyama hai.

Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja dalili.

Yule mvulana wa kamba nilimkuta tena jioni ile. Mbwa alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, amelala mlangoni kana kwamba hapakuwa na lolote. Mvulana aliniuliza kama inawezekana kumfundisha mbwa mkubwa kuingia tengani. Nilimjibu kuwa inawezekana, ila kwa mlango wazi, chakula, na subira ya majuma mengi. Kisha nikamwambia jambo ambalo ningependa kila mwalimu aliseme darasani: mbwa wa nyumba yenu akizaa, anzeni tangu juma la tatu.