Masomo ya Jioni na Msimu wa Kupanda

Ndugu mkulima, mahindi yamekwisha pukuchuliwa na magunia yamo ghalani. Sasa wewe, au kijana wako, mmeanza kuwaza juu ya kuingia chuoni katika muhula wa Januari. Shamba haliwezi kuachwa, kwa hiyo mnaulizia masomo ya jioni ya mseto. Maana yake ni kwamba siku nyingine mwanafunzi huketi darasani baada ya kazi, na siku nyingine hufundishwa kwa simu au kompyuta akiwa nyumbani. Ni jambo jema. Lakini wazee walisema, mshika mawili moja humponyoka. Basi yafaa tupige hesabu kabla ya kuuza hata gunia moja.

Masomo ya namna hii si mageni katika Kenya. Mwaka 1967 chuo kikuu cha Nairobi kilianzisha idara ya masomo ya posta huko Kikuyu. Mafunzo yalitumwa kwa barua, mengine yalitangazwa na redio ya Sauti ya Kenya, na wakati wa likizo wanafunzi walikusanyika kufundishwa uso kwa uso. Wengi wao walikuwa waalimu wa shule za msingi waliotaka kupanda cheo bila kuacha kazi. Huo ulikuwa mseto kamili. Tangu shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, simu imeshika mahali pa posta katika vyuo vingi.

Wala si lazima kwenda Nairobi. Hapa Kakamega pana Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichotokana na chuo kilichojengwa kwa nguvu za Harambee miaka ya 1970, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Pana pia Chuo cha Kilimo cha Bukura, mahali ambapo mafunzo ya ukulima yalianza tangu miaka ya 1920. Nenda ukaulize wenyewe ni masomo gani yanatolewa jioni au kwa mseto mwaka huu, maana mpango hubadilika.

Sasa tutazame kalenda. Muhula wa kwanza wa mwaka huanza Januari na kwisha karibu na Aprili. Mvua ya masika huanza Machi. Kwa hiyo wiki za kupanda na wiki za mitihani hukutana. Ninyi wa Lugari na Likuyani, ambao mwavuna mahindi mara moja tu kwa mwaka, mkikosa Machi na Aprili mmekosa mwaka mzima.

Fedha nazo hukutana. Karo hudaiwa Januari, mbegu na mbolea hudaiwa Machi, na vyote viwili hutoka katika magunia yale yale. Mimi mwenyewe nilisomea ualimu kabla ya kuja kukaa kwenye meza ya ofisi ya kilimo, na baadaye nikaingia masomo ya jioni. Mwaka wa kwanza nililipa karo yote kwa mkupuo mmoja, nikapanda kwa mbolea kidogo, na ya kukuzia sikununua kabisa. Mtihani nilipita. Lakini mahindi yangu yalikuwa manjano tangu barabarani, na kabla ya mavuno mengine tulinunua unga dukani. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno. Kosa halikuwa la chuo. Lilikuwa langu, kwa kuwa sikupanga.

Basi fuata mashauri haya.

Kwanza, tenga fedha za mbegu na mbolea kabla ya karo. Kisha uliza chuo kama karo yaweza kulipwa kwa mafungu, na kama kuna ada nyingine za kujiandikisha na za mtihani.

Pili, pima saa zako. Tuseme somo moja lina saa 3 kwa wiki, na muhula una wiki 14. Hizo ni saa 42. Ukichukua masomo manne ni saa 168, mbali na saa za kujisomea. Kama chuo kinaruhusu, chukua machache muhula wa Januari, na mengi zaidi wakati shamba limepumzika.

Tatu, fikiri juu ya njia. Madarasa ya jioni katika vyuo vingi huisha karibu saa mbili na nusu usiku. Mtu wa Lumakanda hawezi kurudi nyumbani saa hiyo kwa kupitia Webuye na Malava kila siku. Uliza ni siku ngapi lazima ufike mwenyewe, na utafute pa kulala kwa jamaa siku hizo, hasa kama mwanafunzi ni binti.

Nne, kwa masomo ya simu, pakua maandishi ukiwa sokoni penye mtandao mzuri, ukayasome nyumbani kwa taa ya sola. Usingoje usiku wa mwisho, maana umeme ukikatika mwalimu hatakungoja.

Tano, hakikisha chuo kimeidhinishwa. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya ufundi na Mamlaka ya TVETA. Kwa kawaida digrii hutaka alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na diploma C-. Mtu akikuahidi digrii kwa alama ya D, weka fedha zako mfukoni urudi nyumbani.

Ndugu mkulima, wewe hupanda maharagwe katikati ya mahindi, na yote mawili huzaa kwa sababu umeyapimia nafasi. Ukiyabananisha, hupati hili wala lile. Kabla ya Januari, keti mezani na mke au mume wako na watoto, mwandike katika daftari nani atapanda, nani atapalilia, na nani atasoma siku gani. Daftari hilo ndilo somo la kwanza, na halina karo.